Pale Gari Linaposimama

Mtoto ndiye aliyeanza. Kila Ijumaa yeye ndiye aliyeanza, na hilo ndilo lililomtia Ruwaida ubaridi wa mifupa, hata kama jua la saa nane lilikuwa linachoma bati la gari.

Walikuwa wameshaipita Bombolulu. Barabara imenyooka, mikanju huku na huku, upepo unaingia madirishani. Awadh, mumewe, ameshika usukani anavumisha kitu puani kisichokuwa wimbo wala dhikiri. Ghanim alikuwa amepakatwa na mamake kiti cha mbele, upande wa kushoto, anatafuna ncha ya mtandio. Ghafla akaacha kutafuna. Akakaza macho mbele, akatulia kama mtu mzima aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Kisha uso ukamkunjana, akaangua kilio.

Hakikuwa kilio cha njaa, wala cha usingizi, wala cha jino. Mama huvijua vilio vya mwanawe kama ajuavyo vifuniko vya vyungu vyake, kila kimoja na chake. Hiki hakikuwa na chungu.

“Haya,” akasema Shangazi Mastura kutoka kiti cha nyuma, polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja mlango ubishwe. “Washamwona.”

Mbele, upande wa kushoto, makaburi yakajitokeza. Ni yale ya kale, karibu na kufika Kiembeni: ukuta wa mawe ya matumbawe uliobomoka katikati, na nyuma yake vichwa vya makaburi vilivyoliwa na mvua mpaka maandishi yakafutika. Hakuna ajuaye waliolala pale ni kina nani. Lakini watu wanaoelewa hawapiti pale mbio kama wanaokimbizwa. Awadh alifanya alivyofanya marehemu babake, na kila dereva aliyefunzwa adabu: akakanyaga breki, gari likapunguza mwendo, akatoa salamu kwa watu wa makaburini.

Hapo sauti ikatoka. Ilitoka chini, miguuni mwao, nyembamba na ndefu, kama mwanamke anayelia nyuma ya mlango uliofungwa asitake kusikiwa. Gari likawa zito. Awadh alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari lisitake, kana kwamba kuna aliyelishika pindo la nguo. Likavutika kushoto, kuelekea ule ukuta. Likasimama. Harufu ya kuungua ikajaa, na moshi mwembamba ukapanda mbele ya dirisha la Ruwaida kama wa chetezo.

Mtoto akanyamaza. Kila mara gari likishasimama, alinyamaza.

“Fungeni vioo,” Shangazi alisema, na akaanza kusoma Yasini.

Gari hilo Awadh alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, mwaka ule wa madaraka, Wazungu wengi walipokuwa wakiuza hata vikombe. Lilikuwa gari la mtindo mpya, la kijani kibichi, na watu wa Kisauni walitoka milangoni kulitazama. Siku za kazi lilimpeleka Awadh dukani kwake Kongowea na kumrudisha, mwendo mfupi tu, na halikuwahi kumpa tabu. Ijumaa ndiyo siku ya safari ndefu, kwenda Mtwapa kumwangalia mamake Awadh aliyepofuka. Na Ijumaa ndiyo siku mtoto alipokuwa ndani.

Shangazi Mastura, dadake marehemu babake Awadh, aliyekuja kutoka Siu, kisiwani, kuwasaidia kulea, ndiye aliyeliunganisha hili na lile. “Gari halina neno,” alisema. “Mwenye neno ni mtoto. Nyota yake kali, na wale pale wamemtaka.” Na dawa yake aliijua. Mtoto avushwe maji. Angekwenda naye Siu, amlee mpaka meno ya utoto yaanze kumtoka, ndipo amrudishe. Ijumaa inayofuata wakifika Mtwapa, yeye na Ghanim wangepanda basi la Malindi, na kutoka huko waendelee mpaka kwao.

Awadh hakusema ndiyo, lakini hakusema la. Walishazika mmoja, msichana, hata hajatambaa. Tangu siku hiyo Awadh alikuwa mtu wa kusikiliza kila ufa wa nyumba.

Kwa hiyo, pale garini, Ruwaida alikuwa akiisikiliza Yasini huku akihesabu usiku aliobakiwa na mwanawe: leo atalala naye, kesho atalala naye, mpaka Alhamisi. Moshi ukamkaba. Mtoto alikuwa anatweta. Akamkabidhi kwa Shangazi, akachukua kopo la maji, akafungua mlango.

“Weye! Wenda wapi?” Shangazi alikata aya.

“Natapika, Shangazi.”

Hakutapika. Alisimama kwenye mchanga, kichwa kinamzunguka, akajimwagia maji usoni. Matone yakamdondoka kidevuni, mengine yakaangukia gurudumu la mbele. Chuma kikasema *shii!*

Sauti hiyo aliijua kuliko adhana. Ruwaida alipika mikate ya kumimina, ya kuuzwa dukani kwa Awadh, na kila alfajiri alitia tone la maji katika kikaango kujua kama moto umekolea. Tone likikimbia na kupiga kelele, kikaango kiko tayari. Likitulia na kukauka polepole, bado.

Akarusha tone jingine. *Shii.*

Akaenda gurudumu la nyuma yake. Tone likatulia, likateremka kama chozi. Akazunguka upande wa pili, Awadh akimtazama kwa kioo kama anayemtazama mke wake akiota. La nyuma, kimya. La mbele kulia, vuguvugu tu, tone likafifia bila neno. Akarudi kushoto, akasogeza mgongo wa mkono bila kugusa. Joto likamrudisha.

Alipoinua macho, makaburi yalikuwa yamemkabili. Kulikuwa kimya, kimya cha namna yake, hata mlio wa nyenze wa mikanjuni ulikuwa umekatika. Alihisi kana kwamba alikuwa akifanya jambo lake mbele za watu. Akarudi ndani mbio.

Yasini ilipokwisha, gari likaondoka kama halijawahi kuugua.

*

“Jini gani huyo,” Ruwaida alimuuliza mumewe kesho yake, akimmiminia kahawa, “anayekaa gurudumu moja?”

“Mama Ghanim, usifanye mzaha na mambo hayo.”

“Sifanyi mzaha, nauliza. Magurudumu matatu salama, moja laungua. Tena la kushoto. Tena gari lenyewe lavutika kushoto.”

“Makaburi yako kushoto!”

“Na tukirudi jioni yako kulia. Mbona halivutiki kulia?”

Awadh akaweka kikombe. Hilo hakuwa amelifikiri. Jioni, wakirudi, gari lilisinzia mara moja mbele ya duka la Bombolulu, na siku zote walisema wale wa makaburini wamelifuata.

“Na kwa nini liachie tukisoma Yasini?” akauliza, kwa sauti ya chini.

“Yasini ni ndefu, Baba Ghanim. Hata kikaango changu nikikiipua motoni, mtu akisoma Yasini yote ataweza kukishika.” Akaona uso wake, akaongeza haraka, “Sisemi isisomwe. Nasema chuma nacho kinapoa.”

Awadh alitaka kucheka, akajizuia, kicheko kikamtoka puani.

“Na mtoto?” alisema. “Mtoto hulia kabla. Gari halijafanya lolote, yeye ashalia.”

“Nampakata juu ya gurudumu lile lile. Labda yeye huhisi linavyotetema kabla yetu. Mwili wake mdogo.” Alisema hivyo kwa uhakika mkubwa kuliko aliokuwa nao. “Lipeleke gari kwa fundi. Kabla ya Ijumaa. Nakuomba.”

Fundi alikuwa Fondo, Mgiriama mrefu aliyefungua banda lake la makuti njia ya Bombolulu, mtu wa maneno mengi na kanisa siku za Jumapili. Gari hilo alishalitengeneza mara mbili. Mara zote alifungua breki za nyuma, zile za ngoma, alizozizoea, akazisafisha, akazirudisha. Za mbele aliziacha. Za mbele hazikuwa ngoma. Zilikuwa sahani ya chuma inayozunguka wazi pamoja na gurudumu, na kitu kama koleo kimeikumbatia kuibana, ambacho mafundi wa mjini walikiita kalipa. Fondo alizitazama kama mtu anavyomtazama mkwe.

“Sheikh Awadh, mimi nilikwambia ni za nyuma,” alisema, “kwa sababu za nyuma ndizo nizijuazo. Mtu huokota shilingi yake penye taa.”

“Leo tafuta gizani,” Ruwaida alimjibu kutoka kwenye benchi, mtoto begani.

“Ee! Bi mkubwa kaja mwenyewe.” Fondo akacheka, akalala chini na jeki.

Akainua upande wa kulia kwanza, akalisukuma gurudumu kwa mkono. Likazunguka, likazunguka, likasimama kwa hiari yake. Akahamia kushoto. Akalisukuma. Halikwenda. Akalishika kwa mikono miwili, likasogea kidogo huku likilia, ile sauti yenyewe, nyembamba, ndogo sasa, mchana kweupe ndani ya banda la fundi. Awadh akarudi nyuma hatua. Ghanim akageuza kichwa.

“Huyo ndiye mwanamke wenu,” Fondo alisema, lakini naye hakucheka.

Alivua gurudumu. Nyuma ya kalipa kulikuwa na skrubu ndogo ya kutolea upepo. “Nikilegeza hapa,” alieleza, kama anayejifunza mwenyewe kwa kusema, “mafuta ya breki yatatoka. Kama ni mafuta yaliyobanwa ndani, bomba la mpira limeziba, sahani itaachiwa sasa hivi.” Akalegeza. Mafuta yakatoka tone kwa tone, meusi. Akashika sahani: imebanwa vile vile. “Si mpira. Basi ni pistoni. Yatoka ukikanyaga breki, ikishapata moto hairudi. Imekwama shingoni kama mwiba wa samaki.”

Akachomoa pedi zinazoibana sahani. Moja ilikuwa nzima. Ya pili ililiwa mpaka chuma, na sahani imechorwa michirizi ya buluu kwa kuungua. Fondo akaikaza tena skrubu, akamwambia Awadh akanyage breki polepole, polepole zaidi, na pistoni ile kaidi ikasogea ukucha kwa ukucha, ikatoka mkononi mwake pamoja na mchuruziko wa mafuta.

Ilikuwa na kutu pembeni, na juu ya kutu ukoko mweupe. Fondo akaigeuza juani. Akautia ukucha. Akaramba.

“We Fondo!” Awadh alisema.

“Chumvi.” Fondo akatema. “Sheikh, hili gari ni gari au ni ngalawa? Mnaliosha baharini?”

Ruwaida akaikumbuka ndoo. Kila Alhamisi magharibi, kabla ya safari ya mtoto, Shangazi Mastura alituma aletewe ndoo ya maji ya bahari. Aliandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaziyeyusha kwa marashi, akazimimina ndooni, kisha akayaosha magurudumu kwa mkono wake, la kushoto zaidi ya yote, kwa sababu kushoto ndiko gari lilikovutwa. Na kila Ijumaa gari lilipokataa, Alhamisi iliyofuata aliongeza maji.

Alimwona akilini Shangazi akiinama pale uani, kikongwe wa watu, magoti yanamlia, anamwogesha adui wa mjukuu wake.

“Likarabati,” alimwambia Fondo. “Na haya maneno ya ngalawa yaishie hapa hapa.”

“Yameisha, bi.”

Fondo alikwenda mjini kutafuta mipira mipya ya pistoni na pedi, akarudi siku ya pili akijisifu kana kwamba amekwenda Maka. Aliisugua pistoni kwa msasa laini mpaka ikang'aa, akasafisha tundu lake, akapaka kila kitu mafuta ya breki yenyewe. Awadh alipompa kopo la petroli alimkatalia: petroli huvimbisha mipira, na mpira ukivimba wamerudi walikotoka. Akarudisha yote, akamketisha Awadh akanyage na kuachia, akanyage na kuachia, mpaka mapovu yakakoma na mafuta yakatoka safi. Gurudumu likasukumwa. Likazunguka bila sauti.

*

Shangazi alisikiliza habari yote akiwa amekaa kwenye jamvi, anakunja nguo za Ghanim. Ruwaida ndiye aliyemweleza, amepiga magoti, kwa maneno aliyoyachagua kama mtu anayechagua mchele.

“Dua haikuwa na kosa, Shangazi. Kosa ni la chumvi.”

“Kwa hiyo ni mimi.”

“Sikusema hivyo.”

“Umesema, mwanangu. Umelisema kwa adabu.” Akakunja kanzu ndogo, akaipangusa. “Haya. Chuma ni chuma. Sitakiosha tena. Lakini mimi sikumwosha mtoto maji ya chumvi, na mtoto yuwalia. Kesho tutaona.” Akafunga furushi, mafundo mawili.

Ijumaa gari lilikwenda jepesi kama lililovuliwa viatu. Shangazi nyuma, furushi la mtoto pajani. Ruwaida alivua makubazi yake, akaweka nyayo tupu juu ya chuma, akasikiliza kwa miguu. Walipita Bombolulu. Hakuna mtetemo. Hakuna harufu. Mikanju ikapita. Moyo ukaanza kumlegea.

Ghanim akaacha kutafuna mtandio.

Akakaza macho mbele. Akatulia. Kisha uso ukamkunjana.

“La,” Ruwaida alinong'ona. “La, mwanangu, la.”

Akalia. Awadh akakanyaga breki, akatoa salamu, na gari likapunguza mwendo, na alipoinua mguu likaachia, laini, tayari kwenda. Hakukuwa na yule mwanamke wa nyuma ya mlango. Kulikuwa na kilio cha mtoto peke yake. Zamani angalau kilikuwa na mwenzake.

“Breki imepona,” Shangazi alisema. Hakusema kwa ushindi. Alisema kama mtu aliyeomba ashindwe.

Awadh akaongeza mafuta wapite haraka.

“Simamisha,” Ruwaida alisema.

“Mama Ghanim—”

“Simamisha gari. Leo lisimame kwa kuwa tumelisimamisha sisi.”

Akamtazama. Akakanyaga. Gari likasimama mbele ya ule ukuta uliobomoka, kimya, bila moshi. Ruwaida akateremka na mtoto anayelia, akavuka mchanga miguu mitupu, akaingia pale palipobomoka kabla hajapata wakati wa kujikataza.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Alijua ni kivuli cha ukuta. Hata hivyo ulikuwa ubaridi. Nyenze walinyamaza. Alihisi kama mtu aliyeingia chumba cha watu waliokuwa wakizungumza, wakanyamaza kumpisha aseme. Hakujidanganya kwamba hahisi.

“Asalamu alaikum,” alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. “Huyu ni Ghanim wa Awadh. Mumeshamwona. Ana mama yake.”

Akaketi juu ya jiwe lililoanguka, akafungua kifua, akamnyonyesha.

Mtoto alinyonya kwa kwikwi, kisha bila kwikwi. Macho yake yalitazama juu ya bega la mamake, yakahama taratibu, yakatua, yakahama tena, kama ya mtoto anayezungushwa sebuleni kwa wageni. Ruwaida hakugeuka kutazama anachotazama. Alimshika tu. Aliona jinsi kope zilivyomzidi uzito, moja, ya pili, mpaka kinywa kikaachia.

Shangazi Mastura alikuwa amesimama kwenye lile pengo la ukuta. Hakuingia. Mkono wake uliegemea jiwe, na midomo ilikuwa ikienda, lakini ilipofika mahali ikasita.

“Kalala?” aliuliza.

“Ndiyo, Shangazi. Kalala.”

“Hapa?”

“Hapa hapa.”

Mwanamke mzee akamtazama mtoto muda mrefu, kisha makaburi, kisha mtoto.

“Watu hawa, mie hawajanilaza hata siku moja,” alisema. Akageuka, akamwashiria aje. “Ndoo, mwanangu. Jua litamkuta hapo. Na mimi basi langu halingoji.”

Ruwaida alipofika garini, Awadh alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, uso umemlowa, hakuufuta. Shangazi alikuwa ameshakaa nyuma, kikapu chake pajani, anatazama barabara ya Mtwapa. Juu ya kiti cha mbele alikuwa ameliweka furushi la nguo za mtoto, limefungwa mafundo mawili. Ruwaida akalisogeza apate pa kukaa, akalipakata pamoja na mwanawe, na Awadh akaachia breki.